Kabla Hujavuka Mpaka Kununua Rauta

Fundi mwenzangu, kama umefika mahali pa kutafuta rauta, kuna kazi iliyokusukuma. Huenda mteja ametaka milango ya paneli yenye nakshi kwenye kingo, nawe umechoka kubeba mbao kutoka Bulumbi, upande wa Uganda, hadi mjini ukalipie moldingi kwa futi. Huenda ni matundu ya vitasa, yale yanayokula nusu ya asubuhi kwa patasi na nyundo kwenye mvule uliokauka. Kazi hizo mbili zinafanywa na mashine yenye jina moja, ila kila moja inaitaka kwa namna yake. Ya kwanza inataka mashine iliyofungwa kichwa chini ndani ya meza, biti ikichungulia juu, ubao ukipelekwa kwake. Ya pili inaitaka mkononi mwako, ikizama taratibu ndani ya ubao uliobanwa usisogee.

Ukiingia dukani Busia, upande wowote wa mpaka wa Uganda na Kenya, utaulizwa, "Fundi, unataka ya wati ngapi?" Swali hilo lisubiri. Nimeona mashine nyingi zimelala chini ya benchi kwenye karakana zetu, na nyingi kati ya hizo zilinunuliwa kwa wati. Nakuomba uanze na kipande kidogo kuliko vyote, kinachoenea kwenye ngumi ya mtoto: koleti.

Koleti kwanza

Koleti ni shingo ya chuma yenye mipasuko, inayobana shina la biti nati inapokazwa. Biti inazunguka mara 20,000 na zaidi kwa dakika, na kinachoizuia isitoke ni mbano huo tu. Sasa angalia vipimo, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Shina la nusu inchi ni milimita 12.7. Lile la milimita 12 ni 12 kamili. Robo inchi ni milimita 6.35, na jirani yake ni milimita 6. Katikati lipo la milimita 8, linalopendwa sana Ulaya. Kwa macho huwezi kutenganisha nusu inchi na 12, na sokoni zote mbili zinaitwa "nusu".

Niliwahi kununua biti ya mfereji kwenye kibanda kimoja, nikaambiwa ni nusu inchi. Ilikuwa ya milimita 12. Niliikaza kwa spana hadi kiganja kikauma, ikashika, nikaiamini. Mkato wa kwanza na wa pili ulikwenda vizuri. Kwenye wa tatu sauti ilibadilika, ikawa nzito kama pikipiki yenye mzigo inayopanda kilima, na kabla kidole hakijafika kwenye swichi biti ilikuwa imeshateremka kutoka kwenye koleti, imetoboa ubao hadi upande wa pili na kuanza kuchonga benchi. Mfereji uliotakiwa kuwa na kina cha milimita 8 ukawa dirisha. Ubao ulikuwa wa mteja. Tangu siku hiyo venia ya kupimia iko mfukoni mwangu, na biti ambayo sijaipima shina haiingii kwenye mashine yangu, hata aliyeniuzia awe ndugu.

Ukitaka mashine moja ya meza na ya mkono, chukua yenye koleti ya nusu inchi au ya milimita 12, kisha ununue biti za kipimo hicho hicho maisha yako yote. Shina la nusu inchi lina kipenyo mara mbili ya robo inchi, lakini ukakamavu wake wa kukataa kupinda ni mara 16. Tofauti hiyo utaiona kwenye mti mgumu: biti nene inapita ikiimba, nyembamba inatetemeka na kuacha mawimbi ambayo msasa utayafuta kwa saa nzima. Hakikisha pia unaweza kupata koleti ndogo ya mashine hiyo hiyo, ya milimita 8 au robo inchi. Mashine nyingi huja na bushi ya kupunguzia badala ya koleti ya pili. Bushi inafaa kwa kazi nyepesi, ila kwa kazi ya kila siku koleti kamili ndiyo ya kutegemea.

Dukani, nenda na biti yako ya nusu inchi uliyokwisha kuipima. Ingiza shina hadi liguse chini, lirudishe nyuma kiasi cha milimita 3, kaza. Halafu itikise kwa vidole: isicheze hata chembe. Simamisha njiti ya kiberiti kwenye kitako iguse sehemu laini ya shina, zungusha kwa mkono. Njiti ikiachwa upande mmoja na kusukumwa upande mwingine, ama shafti imepinda ama koleti imechongwa vibaya, na hakuna dawa ya hilo. Mwisho legeza nati. Koleti iliyotengenezwa vizuri hulegea mara mbili: nati inaachia, inazunguka bure kidogo, inakaza tena, kisha inaachia kabisa na kuvuta koleti nje pamoja nayo. Ukiona nati inafunguka mara moja na biti inabaki imekwama ndani, ujue utakuwa unaigonga kwa nyundo kila unapobadilisha.

Kuzama na kutozama

Kuna rauta ambayo mota yake inakaa kwenye kitako kimoja bila kushuka, na kuna ya kuzama, yenye nguzo mbili na springi, unayoisukuma chini biti ikiwa tayari inazunguka. Ya kwanza ni nzuri sana mezani, kwa sababu haina springi za kushindana nazo na kimo chake hakisogei. Ya pili ndiyo inayotoboa tundu la kitasa katikati ya ubao. Marekani wanauza seti za mota moja na vitako viwili, na kwa kweli ni jibu zuri kuliko yote. Tatizo ni kwamba seti hizo ni za volti 120, na hapa kwetu hazifai kuchomekwa kama zilivyo.

Kwa hiyo mwenye pesa ya mashine moja anunue ya kuzama. Ijaribu hivi: iweke mezani, fungua kifungo cha kina, kisha isukume chini kwa mkono mmoja tu, mpini mmoja. Nzuri itashuka hata kama kwa kusitasita, na mbaya itakwama kama droo iliyovimba kwa mvua. Ikikwama dukani, ukiwa na ubao wa mteja itakwama zaidi. Funga kifungo cha kina, sukuma kwa nguvu, uone kama inateleza. Pitisha rula ya chuma chini ya kitako, uangalie mwanga: kitako kilichopinda kitachora mfereji usio na kina kimoja.

Mezani inatakiwa iweje

Mashine inayokwenda mezani inabebeshwa mambo matano ambayo ya mkononi haina haja nayo. Kimo chake lazima kisogezwe kidogo kidogo kwa skrubu, kwa sababu kunyanyua mashine ya kilo 6 kwa mkono, kichwa chini, ukitafuta nusu milimita, ni adhabu. Tundu la kitako liwe pana, angalau milimita 60, ili biti kubwa zipite. Nati ya koleti ifikike kwa spana kutoka juu ya meza, la sivyo utaing'oa mashine kila unapobadilisha biti. Swichi yake iweze kufungwa ibaki imewaka. Na kitako kiwe na matundu ya skrubu yenye nyuzi nzima, kwani ndiyo yatakayobeba uzito wote.

Zipo mashine zilizobuniwa zikiwa na meza akilini. Triton TRA001 ya wati 2,400 inapandishwa kwa mkono wa kuzungusha kutoka juu ya meza, na shafti hujifunga yenyewe biti inapofika juu. Trend T11 ya Uingereza nayo ina namna yake ya kurekebishwa kutoka juu. Ukimpata mtu anayekuletea mojawapo kutoka huko ikiwa nzima na ya volti 240, usisite. Wengine sote tutatumia mashine ya kawaida ya kuzama na akili kidogo: toa springi za nguzo inapokaa mezani, uzihifadhi kwenye mfuko uliofungwa kwenye mguu wa meza zisipotee, kisha weka chini ya mota jeki ndogo ya gari, ile ya mkasi. Ukizungusha jeki, mashine inapanda taratibu. Nilipoona jambo hili mara ya kwanza nilidhani ni mzaha, ila sasa naweza kuweka kimo kwa unene wa karatasi. Usisahau kukaza kifungo cha kina kila baada ya kurekebisha. Jeki inapandisha tu, kushikilia si kazi yake.

Kasi

Hapa ndipo mashine nyingi za kawaida zinapotolewa kwenye orodha. Kinachokata ni ukingo wa biti, na kasi ya ukingo inategemea upana. Biti ya milimita 12 kwa mizunguko 24,000 ukingo wake unakwenda kama kilomita 54 kwa saa. Biti ya kuchonga paneli za mlango, yenye upana wa milimita 80, ukiizungusha mara 22,000 kwa dakika ukingo wake unapita kilomita 330 kwa saa. Hiyo ni kasi ya kurusha vipande vya chuma. Kwa mizunguko 12,000 inarudi kwenye kilomita 180 hivi, na hapo inakata kwa utulivu.

Basi shika viwango hivi: hadi milimita 25 unaweza kwenda 24,000, kati ya 25 na 50 shuka 18,000, hadi 65 shuka 16,000, zaidi ya hapo 12,000 au chini yake. Kama kwenye biti kumeandikwa kiwango cha juu, hicho ndicho sheria. Biti za paneli ni za mezani tu. Usizitumie mkononi hata dakika moja.

Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba rauta ya meza isiyo na kirekebisha kasi haifai kwa milango ya paneli. Makita 3612, ambayo umbo lake limeigwa na viwanda vingi hadi watu wanalijua bila kujua jina lake, ni mashine ngumu ya kuaminika, ila inazunguka 22,000 tu, mwanzo hadi mwisho. Ndugu yake 3612C ina kirekebisha kasi. Makita RP2301FC, ya wati 2,100, inakwenda kutoka 9,000 hadi 22,000, na Bosch GOF 1600 CE, ya wati 1,600, kutoka 10,000 hadi 25,000. Hizo mbili za mwisho pia zina elektroniki inayoshikilia kasi isianguke mti unapokuwa mgumu, na zinaanza kuzunguka polepole badala ya kuruka. Kuruka huko, kwa mashine nzito iliyo mkononi, ndiko kunakoharibu mwanzo wa mkato.

Sasa wati. Kwa mkono peke yake, wati 1,200 hadi 1,400 zinatosha kazi nyingi. Kwa meza na biti za paneli, tafuta 1,600 na kuendelea. Kumbuka wati za kwenye katoni ni za umeme unaoingia, na si zote zinazofika kwenye biti. Mashine mbili zenye wati sawa zinaweza kutofautiana sana, na uzito utakusaidia kujua: inayodai wati 2,200 lakini nyepesi kama pasi ya nguo, shaba ya mota yake iko wapi?

Umeme wetu

Uganda na Kenya zote zina volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde, na plagi ile ile ya miguu mitatu ya bapa. Rauta uliyonunua Busia ya Kenya itawaka Bulumbi bila kubadilishwa chochote. Hatari iko kwenye mitumba. Kutoka Uingereza huja vifaa vya maeneo ya ujenzi vya volti 110, mara nyingi vyenye plagi ya njano ya mviringo, na kutoka Marekani vya volti 120. Mtu akishakata plagi ya asili na kufunga ya kwetu, huoni tofauti kwa nje. Soma kibandiko cha mota. Kikisema 110 au 120, itahitaji transfoma inayobeba mzigo wake, na transfoma ya wati 2,000 ni ghali na nzito. Ukiichomeka moja kwa moja itapiga kelele kali kwa sekunde chache, itoe moshi, na fundi wa kusuka mota atakudai karibu bei uliyonunulia.

Mashine ya wati 1,800 inakula ampea 7.5. Tumia ekstensheni ya waya wa milimita 2.5 za mraba ikiwa soketi iko mbali, na ikunjue yote. Waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake unapata joto hadi plastiki inalainika. Jioni umeme unapodhoofika, utasikia mota inalia chini kuliko kawaida. Usiilazimishe: punguza kina cha mkato au acha hadi asubuhi, kwani kuisukuma ikiwa dhaifu ndiko kunakochoma amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka. Kama unatumia jenereta, ya kilovolti-ampea 3 itabeba wati 1,800 bila kuhangaika, hasa mashine ikiwa ya kuanza polepole.

Kuna jambo moja la umeme nataka ulisome mara mbili. Uko mezani, swichi ya mashine umeifunga ibaki imewaka, umeme unakatika. Kimya. Unainama kuangalia biti, unafuta vumbi kwa vidole. Umeme unarudi. Kwetu hili si jambo la kufikirika. Kampuni ya UEDCL imeshika usambazaji wa umeme Uganda kutoka kwa kampuni iliyoitwa Umeme tangu Aprili 2025, nguzo na waya ni zile zile, na mvua za Machi ni zile zile. Weka kwenye mguu wa meza swichi ya usalama, ile yenye kitufe cha kijani na chekundu, ambayo umeme ukikatika inajifungua na haiwaki tena hadi ubonyeze kijani mwenyewe. Maduka ya vifaa vya umeme huiuza kwa ajili ya mashine za kusaga na misumeno. Ukiikosa, kanuni iwe hii: umeme ukikatika, chomoa plagi kwanza, ndipo ufikirie kitu kingine.

Ya kweli na ya kuigwa

Soko letu lina mashine za Makita na Bosch, lina INGCO na Total za bei ya chini, na lina mashine ambazo jina lake linafanana na jina maarufu isipokuwa herufi moja. Sisemi ununue ghali tu. Kwa mtu anayetengeneza vitanda na milango ya kawaida, mashine ya bei ya kati yenye koleti nzuri itamlisha miaka mingi. Ninachosema ni uulize swali hili kabla ya kulipa: kaboni zake nazipata wapi? Kaboni ni vile vijiti viwili vinavyogusa amecha, navyo huisha kwa kawaida. Muuzaji akiweza kukuonyesha pakiti ya kaboni za mashine hiyo na koleti ya akiba kwenye rafu, hapo pana biashara. Akisema "hizo utapata Kampala" au "agiza Nairobi", ujue unanunua mashine itakayokufa kwa kitu cha ukubwa wa punje ya hindi.

Fungua vifuniko vya kaboni palepale, vinazungushwa kwa bisibisi. Ukikuta kaboni imeshalika kwenye mashine inayoitwa mpya, imetumika. Iwashe bila biti na nati, isikilize dakika moja. Beringi nzuri inapuliza kama upepo, na mbovu ina mchanga ndani yake. Izime uone inachukua muda gani kusimama: ikikata ghafla kwa mkwaruzo, kuna kitu kinagusana.

Kuhusu mpaka: toka kituo cha pamoja cha Busia kizinduliwe rasmi Februari 2018, kuvuka kumekuwa kwepesi, na wengi wetu huenda upande wenye bei nzuri wiki hiyo. Ni sawa, ila ujue kwamba ule utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 umewekwa kwa bidhaa zinazotoka nchi wanachama. Rauta ya Japani au Uchina haimo hata kama umeinunua hatua 50 kutoka kwenye geti. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16 Kenya na 18 Uganda. Dai risiti yenye namba ya mashine, ulizia kwenye dirisha la forodha, utoe kinachostahili. Hiyo risiti ndiyo pia dhamana yako, na dhamana ya duka la upande wa pili utaifuata mwenyewe, kwa nauli yako.

Miti tunayokata

Biti utaichagua kwa mti. Mvule ndio unaotuheshimisha, na ndio unaoua biti. Ndani yake mara nyingine kuna mawe, chokaa iliyoganda ambayo mti wenyewe umeitengeneza kwenye majeraha yake, na unaweza kupasua ubao mzima bila kuliona jiwe hadi biti iligonge. Meno ya kabaidi ni magumu lakini yanabanduka kama kikombe cha udongo. Kabla ya kuchonga mvule kwa biti ya bei kubwa, pitisha ncha ya msumari kwenye michirizi myeupe. Ikikwaruza kama imegusa sufuria, kata sehemu hiyo kwa patasi. Vumbi lake nalo linawasha ngozi na kifua. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi mwaka 1995, na rauta inatoa vumbi laini kuliko randa. Barakoa nzuri ni sehemu ya bei ya mashine. Vizibo vya masikio pia.

Mkalitusi ni mgumu na nyuzi zake hupasuka pembeni, kwa hiyo anza na mkato wa ncha za kukinga nyuzi, ndipo umalizie pande ndefu. Musizi ni laini na huacha manyoya, unataka biti mpya na kasi ya juu. Paini inaacha utomvu kwenye meno ambao unaungua na kuifanya biti ionekane butu. Ioshe kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani kabla hujaitupa.

Usinunue seti ya biti 30 za bei rahisi. Nunua tano za maana: ya mfereji ya milimita 12, ya mfereji ya milimita 6, ya kuviringisha kingo, yenye beringi ya kufuata kigezo, na ya rabeti. Za paneli na fremu zake nunua siku mteja wa milango sita anapoweka malipo ya awali.

Moja au mbili?

Nimeulizwa swali hili mara nyingi, na jibu langu limebadilika. Zamani nilikuwa nasema moja kubwa. Sasa nasema: kama kazi yako kubwa ni milango na madirisha, weka kubwa mezani na uiache huko, kisha nunua trima ndogo ya mkononi. Makita RT0700C ina wati 710, kilo 1.8, na kasi ya 10,000 hadi 30,000. Kwa kilo 1.8 unaweza kuchonga kitanda cha bawaba huku mlango umesimama kwenye fremu yake, jambo ambalo mashine ya kilo 6 haitakuruhusu. Trima haitatoboa tundu refu la kitasa, na hapo utaifungua kubwa kutoka mezani. Lakini ni mara chache, na ikiwa sahani ya meza umeitengeneza vizuri, ni kazi ya skrubu nne.

Kama pesa ni ya moja, nunua ya kuzama, koleti ya nusu inchi, yenye kirekebisha kasi, wati 1,600 hivi. Gawa pesa yako kabla ya kutoka nyumbani: nusu iende kwenye mashine, theluthi kwenye biti, kilichobaki kwenye meza, miwani na barakoa. Anayemaliza zote kwenye mashine atarudi na biti mbili za bure zilizokuja na katoni, na mashine nzuri yenye biti mbovu inachonga vibaya kama mashine mbovu.

Meza yenyewe usinunue. Plaiwudi mbili za milimita 18 zilizogandishwa pamoja, juu fomaika, miguu ya mbao yoyote iliyokauka. Katikati toboa dirisha la sahani ya alumini ya milimita 6, ukubwa wa kuzidi kitako kidogo. Fensi ni mbao mbili zilizonyooka zenye nafasi katikati ya biti, na nyuma ya nafasi hiyo tundu la bomba la kufyonzea vumbi. Fensi haihitaji kuwa sambamba na ukingo wa meza. Inahitaji kunyooka na kukazwa kwa jiliwa mbili.

Mikato ya kwanza

Siku ya kwanza fanya kazi kwenye vipande vya kutupwa. Mkononi, ukingo wa ubao ukiwa mbele yako, sukuma mashine kutoka kushoto kwenda kulia. Mezani mambo yanageuka kwa sababu mashine imegeuzwa: ubao unatoka kulia kwenda kushoto. Ukikosea, biti itauvuta ubao badala ya kuukataa, na vidole vitafuata ubao. Na usipitishe ubao kati ya biti na fensi hata siku moja, maana biti itaufyatua kama mshale kuelekea ukuta au mtu aliyesimama hapo.

Tundu la kitasa: weka alama, bana ubao, bana na kipande kilichonyooka cha kuongoza kitako. Biti ya milimita 12, zama milimita 5, peleka, rudi, zama 5 nyingine. Angalia kinachotoka. Vikiwa vinyweleo na vipande vyepesi, unakwenda sawa. Ikiwa unga mweusi wenye harufu ya kuungua, unakwenda polepole mno au biti imeisha. Baada ya mikato minne zima, chomoa plagi, kaza nati ya koleti tena kwa spana. Biti mpya huwa inajikalia vizuri baada ya joto la kwanza, na nati iliyokuwa imekaza asubuhi unaweza kuikuta na robo mzunguko wa kuongeza.